Mungu wa Sarafu Hujulikana kwa Alichoshika

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Uingereza, na hivi karibuni nilinunua gulioni sarafu nne za shaba ambazo muuzaji alisema ni za Warumi wa kale. Zote zina kichwa cha mtu upande mmoja. Upande wa pili, ile kubwa ina mwanamke aliyeshika kitu kama kasia pamoja na pembe. Ya wastani ina mwanamume mwenye mkuki wa meno matatu na samaki. Ndogo moja ina mtu mwenye miale kichwani, ameinua mkono. Ndogo ya mwisho ina watu wawili na mlingoti katikati yao. Muuzaji alisema wote hao ni miungu. Nitajuaje ni mungu yupi? Na mbona kila nikitazama picha za sarafu hizi naona wanawake wengi hivi? Kweli Warumi waliwaabudu wote?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo yako, sarafu tatu kati ya nne kweli zina mungu. Ya nne haina, na nitaifikia. Umeanza kwa kutaja vitu vilivyomo mikononi mwao, na umefanya vyema, kwa sababu Mrumi mwenyewe alitazama hapohapo.

Uso wa mungu kwenye sarafu ya Kirumi hausaidii sana. Picha nzima ina urefu wa sentimita mbili hivi, mara nyingi chini ya hapo. Iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, ikapita viganja visivyohesabika, kisha ikalala ardhini karne nyingi. Pua na macho hufutika mapema. Wachonga mihuri walilijua hilo, kwa hiyo kila mungu walimpa kitu chenye umbo ambalo hata likilika nusu bado linatambulika: usukani, mizani, radi, rungu, tawi. Desturi hiyo ilishikiliwa kwa karne nyingi, ndiyo maana mtu akishaizoea anaweza kuisoma sarafu ya Kaisari Nero na ya Kaisari Diocletianus kwa kanuni zilezile, ingawa kati ya watu hao wawili kuna zaidi ya miaka 200.

Tuanze na kubwa. Hilo unaloliona kama kasia ni usukani. Merikebu za wakati ule ziliongozwa kwa kasia pana lililofungwa ubavuni karibu na tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo. Pembe nayo ni pembe ya neema, pembe ya mbuzi inayofurika matunda na nafaka. Vitu hivyo viwili vikiwa pamoja, huyo ni Fortuna, mungu wa bahati, mwenye kuyaelekeza maisha ya watu huku au kule. Mara nyingi usukani wake umeegemea tufe, yaani dunia. Zungusha sarafu uyatafute maandishi pembezoni. Ukikuta FORT RED au FORTVNA REDVX, huyo ni Fortuna Mrejeshaji, aliyeombwa amrudishe Kaisari salama kutoka safarini. Seneti, baraza kuu la Roma, iliamua kumjengea madhabahu mwaka 19 KK, Augustus, Kaisari wa kwanza, aliporejea kutoka mashariki. Baadaye Hadrianus, Kaisari aliyezunguka sehemu kubwa ya dola yake, alimweka mara kwa mara kwenye sarafu zake. Sasa geuza utazame kichwa. Kikiwa na ndevu za kutosha, sarafu yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya Hadrianus (117–138 BK) au ya waliomfuata, kwa maana makaisari wa kabla yake kwa kawaida walinyoa.

Ukiipima na kukuta gramu 20 hadi 27, hiyo ni sestersi, sarafu kubwa kuliko zote za matumizi ya kila siku. Sestersi nne zilikuwa dinari moja ya fedha. Chini yake kulikuwa na dupondi, iliyokuwa nusu ya sestersi, na asi, iliyokuwa robo yake. Kuanzia mageuzi ya Augustus, sestersi na dupondi zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, yenye rangi ya manjano inayokaribia dhahabu, na asi ikatengenezwa kwa shaba nyekundu. Mtu wa sokoni alizitofautisha kwa rangi tu. Leo zote zimegeuka kijani au kahawia, ndiyo maana tunahitaji mizani. Kama ungependa kujua asi ilikuwa na thamani gani, wale mashomoro wawili wanaouzwa kwa senti moja katika Injili ya Mathayo, katika Kigiriki wanauzwa kwa asi moja.

Sarafu yako ya wastani naamini kabisa ni asi. Mkuki wa meno matatu ni wa Neptunus, mungu wa bahari, na huyo "samaki" mkononi mwake ni pomboo. Soma upande wa kichwa: ukikuta M AGRIPPA L F COS III, mshike vizuri mtu huyo, maana hakuwa Kaisari. Ni Marcus Agrippa, jemadari na rafiki wa Augustus, aliyekufa mwaka 12 KK. Taji lake limepambwa kwa omo, yaani ncha za mbele, za merikebu, heshima aliyopewa kwa ushindi wa baharini. Yeye ndiye aliyeshinda vita vya Naulochus mwaka 36 KK, na ndiye aliyeongoza merikebu kule Actium mwaka 31 KK, ambako Antonius na Cleopatra walishindwa. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba sarafu hizi ziligongwa zamani za Kaisari Caligula (37–41 BK), aliyekuwa mjukuu wa Agrippa kwa upande wa mama. Kwa hiyo Neptunus hapo hakuwekwa kwa ajili ya wavuvi wala mabaharia. Amewekwa ili kila anayenunua mkate akumbuke kwamba babu wa Kaisari alikuwa bwana wa bahari.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Ukishamjua mungu kwa alichoshika, bado una swali la pili la kuuliza: kwa nini serikali ilimchagua huyu, mwaka huu? Waliokua Tanzania wakishika shilingi yenye mkono ulioinua mwenge hawakuhitaji kuelezwa kwamba ule si mwenge wa kumulikia njia gizani. Mungu wa sarafu ya Kirumi alisemeshwa kwa namna hiyo. Dola ile haikuwa na gazeti la kumfikia kila mtu, na sarafu ya shaba ilifika hata kwa asiyewahi kuishika dhahabu maishani mwake.

Kwenye sarafu za shaba za Roma utaona pia herufi kubwa S C. Maana yake ni senatus consulto, kwa uamuzi wa Seneti. Hilo si jina la mungu, ingawa wanaoanza wengi hulisoma hivyo.

Sasa wanawake. Sababu ya kwanza ni ya lugha yenyewe. Kilatini hugawa majina katika jinsia, na majina ya mambo yasiyoshikika, kama amani, tumaini, uhuru na usalama, karibu yote ni ya kike. Jambo hilo likipewa umbo la mtu, linakuwa mwanamke. Ndipo tunapata Pax mwenye tawi la mzeituni. Tunampata Spes, yaani Tumaini, aliyeshika ua huku akiinua pindo la gauni lake kidogo kama anayeanza kutembea. Salus, afya na usalama wa dola, hulisha nyoka kutoka kwenye kisahani, na Aequitas, haki na usawa, ana mizani na pembe ya neema. Moneta, msimamizi wa sarafu zenyewe, naye ana mizani na pembe vilevile, kwa hiyo hao wawili hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha bila kusoma maandishi. Felicitas, fanaka, ana fimbo fupi iliyozungukwa na nyoka wawili. Concordia, maelewano, mara nyingi ameshika kisahani cha kumiminia sadaka ya kinywaji. Victoria ni rahisi kuliko wote kwa sababu ana mabawa, na kwa kawaida hubeba shada la majani na kuti la mtende.

Annona wengi humchanganya na Fortuna, kwa kuwa naye ana pembe na wakati mwingine usukani. Mtazame miguuni. Annona ndiye chakula cha mji wa Roma, kwa hiyo utamwona na masuke ya ngano, chombo cha kupimia nafaka kama pishi, au omo ya merikebu. Mji wa Roma ulikula ngano iliyoletwa kwa bahari kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini, na merikebu zikichelewa, watu waliingia barabarani. Nero aligonga sestersi nzuri sana yenye Annona amesimama mbele ya Ceres, mungu wa nafaka, aliyeketi. Kati yao kuna madhabahu yenye pishi, na nyuma inaonekana tezi ya merikebu. Aliyeishika alielewa bila kusoma neno lolote kwamba Kaisari anasema chakula kipo.

Uliuliza kama waliwaabudu kweli. Waliwaabudu. Hawa hawakuwa mapambo ya wachoraji. Salus alikuwa na hekalu juu ya kilima cha Quirinalis lililowekwa wakfu mwaka 302 KK. Victoria alipata lake kwenye kilima cha Palatinus mwaka 294 KK. Concordia alikuwa na hekalu kwenye uwanja mkuu wa mji, na madhabahu ya Pax aliyojengewa Augustus, iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, inatembelewa Roma hadi leo. Walichinjiwa wanyama na kumiminiwa divai. Mrumi hakuona ugumu katika kuliona tumaini kuwa nguvu hai inayoweza kuombwa na kushukuriwa. Sisi tuliolelewa katika Uislamu au Ukristo hulipata jambo hili kwa taabu, na ninaona heri tukubali ugumu huo kuliko kusema kwamba Warumi walikuwa wanatania.

Lakini ibada ya kweli haikuwazuia wakubwa kuitumia. Katika mwanzo wa utawala wake Caligula aligonga sestersi yenye dada zake watatu wamesimama pamoja, kila mmoja na jina lake kando: Agrippina ameegemea nguzo kama Securitas, yaani usalama, Drusilla ana kisahani cha Concordia, Julia ana usukani wa Fortuna. Wanawake walio hai, ndugu wa mtawala, wakiwa na vitu vya miungu mikononi. Miaka 30 baadaye, Nero alipojiua mwaka 68 BK, Galba aliyeshika nafasi yake alimleta Libertas, uhuru, akiwa na kofia ya kitambaa mkononi. Ilikuwa kofia aliyovalishwa mtumwa siku ya kuachwa huru. Galba alikuwa akiwaambia Warumi wote kwamba jana walikuwa watumwa wa Nero. Yeye mwenyewe aliuawa Januari mwaka uliofuata. Nikiwafundisha vijana kusoma sarafu, huwaambia wawe makini zaidi wanapokutana na Pax na Concordia. Miungu hao wawili hujaa kwenye sarafu katika miaka ambayo majeshi ya Warumi yalikuwa yakichinjana wenyewe kwa wenyewe.

Wanaume nao wapo, na wana alama kali zaidi. Jupiter, mkuu wa miungu, ana radi mkononi na fimbo ya enzi, pengine tai miguuni. Mars, mungu wa vita, ana chapeo, mkuki na ngao. Hercules ana rungu na ngozi ya simba, na Kaisari Commodus alimpenda hadi mwaka 192 BK akajichora mwenyewe akiwa amevaa ngozi hiyo kichwani. Mercurius ana mfuko wa fedha na ile fimbo ya nyoka wawili. Usimchanganye Mars na Minerva, ambaye naye ana chapeo na mkuki, lakini amevaa gauni refu.

Ili kuelewa mazoea haya yalikotoka inatupasa kurudi nyuma, kabla ya makaisari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sarafu zenyewe zinastahili. Katika karne ya 3 KK Warumi walikuwa na sarafu za shaba nzito ajabu, ambazo hazikugongwa bali zilimiminwa kwenye kalibu. Asi za mwanzo zilikaribia ratili moja ya Kirumi, kama gramu 320, nzito kuliko simu yako. Halafu ukaja mpangilio uliodumu zaidi ya karne moja: upande wa nyuma wa kila sarafu ya shaba kuna omo ya merikebu ya vita, na upande wa mbele kila thamani ina mungu wake. Asi ina Janus, mwenye nyuso mbili zinazotazama mbele na nyuma. Nusu asi ina Saturnus na herufi S. Theluthi ina Minerva na nukta nne, robo ina Hercules na nukta tatu, sudusi, yaani sehemu moja kati ya sita, ina Mercurius na nukta mbili. Ile ndogo ya sehemu moja kati ya 12 ina kichwa cha Roma, mji wenyewe ukiwa mungu, na nukta moja. Asiyejua kusoma alihesabu nukta. Usiku alizipapasa kwa kidole.

Nauona huu kuwa mpango bora kuliko wowote uliofuata. Miungu walikuwa wa umma mzima, na hakuna kichwa cha mtu aliye hai kilichowekwa kando yao. Kichwa cha kwanza cha Mrumi aliye hai kwenye sarafu za mji wa Roma kilikuwa cha Julius Caesar, mwaka 44 KK, na mwaka huohuo aliuawa.

Janus alikuwa mungu wa milango na mianzo, ndiyo maana alipewa sarafu ya kwanza katika hesabu. Mshairi Ovidius anamfanya Janus mwenyewe aeleze habari ya merikebu: kwamba Saturnus alipofukuzwa na Jupiter alifika Italia kwa chombo, na Janus akampokea. Wanahistoria wengi wa leo huihusisha ile omo na nguvu mpya ya baharini waliyoipata Warumi baada ya kuishinda Carthage, mji hasimu wa Afrika ya Kaskazini, mwaka 241 KK. Vyovyote iwavyo, picha hiyo iliingia katika maisha ya watu. Mwandishi Macrobius, wa karne ya 5 BK, anasema watoto waliokuwa wakirusha sarafu hewani bado walipiga kelele "vichwa au merikebu!", wakati ambapo merikebu ilikuwa imetoweka kwenye sarafu karne nyingi. Janus mwenyewe alirudi kwa namna nyingine chini ya Nero. Sarafu za shaba za miaka ya 65 na 66 BK zinaonyesha hekalu lake likiwa na milango imefungwa, na maandishi kwamba amani imepatikana nchi kavu na baharini. Milango ile ilifungwa pale tu Roma ilipokuwa haina vita.

Vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Carthage, viliikondesha asi. Kufikia mwaka 211 KK hivi ilikuwa na gramu 50 na ushee, ikaendelea kupungua, na asi ya Neptunus uliyo nayo ina kama gramu 11.

Turudi kwenye sarafu zako ndogo. Zote mbili ni za karne ya 4 BK, na ndizo zinazojaa katika mafungu yanayouzwa magulioni. Mtu mwenye miale kichwani aliyeinua mkono wa kulia ni Sol, Jua. Tazama mkono wa kushoto, bila shaka una tufe. Maandishi yatakuwa SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua Lisiloshindwa, mwandani wa Kaisari. Kaisari huyo karibu kila mara ni Constantinus. Angalia herufi zilizo chini kabisa, chini ya mstari wa miguu, maana hizo hutaja karakana iliyoigonga sarafu. LN ni London, TR ni Trier, ARL ni Arles. Karakana ya London ilifungwa mwaka 325 BK, na kwa kuwa umenunua Uingereza kuna uwezekano mzuri wa kuikuta PLN, yaani ile LN ikiwa na P mbele yake.

Wasomaji Wakristo hushangaa hapa. Constantinus ndiye tunayemkumbuka kwa ushindi wa daraja la Milvius, Oktoba 312, alioushukuru Mungu wa Wakristo. Hata hivyo Jua liliendelea kugongwa kwenye shaba yake miaka kadhaa baada ya ushindi huo. Sioni haja ya kumwita mnafiki. Alitawala watu ambao wengi wao, pamoja na askari wake, waliliheshimu Jua, na sarafu ilisema nao kwa picha waliyoizoea. Kisha taratibu Jua likaondoka, bila kelele. Jupiter aliondoka pia, na yule kijana mwenye pishi kichwani, Genius wa watu wa Roma, aliyekuwa kwenye sarafu kubwa za shaba tangu mageuzi ya Diocletianus ya mwaka 294 BK hivi.

Waliochukua nafasi yao ndio hao wawili wa sarafu yako ya mwisho. Ni askari. Mlingoti ulio katikati ni bendera ya kikosi, na maandishi ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Bendera zikiwa mbili, iligongwa kati ya mwaka 330 na 335 BK hivi. Ikiwa moja, kama ulivyoeleza, ni ya baada ya hapo hadi karibu 341. Ulishika basi sarafu ya wakati ambao serikali ilikuwa imewaacha wengi wa miungu wa zamani, na bado haikuwa imeujaza msalaba mahali pake. Alama kubwa ya Kristo inayojaza upande mzima ilikuja na Magnentius, mwasi aliyejitwalia ukaisari, mwaka 353 BK hivi. Victoria aliruhusiwa kubaki, na mabawa yake, kwenye sarafu za makaisari Wakristo. Aliendelea humo hata baada ya madhabahu yake kuondolewa katika ukumbi wa Seneti mwaka 382 BK.

Sasa ombi. Usizisafishe. Ndimu na majivu, dawa yetu ya kung'arishia masinia ya shaba, hapa ni sumu, na siki vilevile. Ule utandu wa kijani au kahawia ndio unaoshikilia mistari midogo ya picha. Ukiukwangua, unaondoka na usukani wa Fortuna. Kama kuna udongo umeganda, loweka sarafu kwenye maji yaliyochujwa madini, ubadilishe maji kila baada ya siku chache, na utumie kijiti cha meno cha mti. Ukiona unga wa kijani kibichi unaotoka ukiugusa, hiyo ni kutu inayokula shaba kwa ndani. Itenge sarafu hiyo mahali pakavu na uipeleke kwa mtaalamu wa makumbusho.

Ya Agrippa ichunguze ukingoni kwa kioo cha kukuzia. Aina hiyo hupendwa, kwa hiyo hughushiwa. Mstari wa kalibu unaozunguka ukingo, au vitundu vidogo vya mapovu usoni mwa sarafu, ni dalili ya kitu kilichomiminwa juzi. Na siku ukiokota sarafu ya namna hii shambani badala ya kuinunua, usiondoke nayo kimya. Uingereza na Wales kuna maofisa wa mpango unaoitwa Portable Antiquities Scheme wanaoandikisha vitu vilivyookotwa, na hifadhidata yao iko wazi kwa kila mtu. Utapata humo picha nyingi za sarafu za Sol za kulinganisha na yako.

Nitumie uzito wa kila moja kwa gramu, kipenyo kwa milimita, na picha za pande zote mbili zilizopigwa mchana taa ikiwa imezimwa, mwanga ukiingia kwa ubavuni ili maandishi yasimame. Ile kubwa ndiyo ninayoihitaji zaidi, kwa sababu Fortuna alitumiwa na makaisari wengi mno, na bila herufi za upande wa kichwa siwezi kukwambia ni nani aliyemwomba.